Ramani ya shamba, punje ya mahindi na mkataba wa kurasa nane

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, katibu wa kikundi cha wakulima 84 wa mahindi huku Trans Nzoia. Kampuni moja imetujia na programu ya simu. Inaahidi mbegu na mbolea kwa mkopo, ushauri wa bure kila wiki, na soko baada ya mavuno. Nayo inataka ramani ya kila shamba, rekodi za M-Pesa za miezi 12, hesabu ya mavuno ya misimu mitatu, sampuli za udongo, na mahindi machache ya kienyeji kutoka kwa akina mama ambao bado wanayapanda. Wazee wanasema huo ni mlango wa nyuma wa kutuletea GMO. Vijana wanasema wazee wanaogopa vivuli vyao. Je, kuna serikali inayosimamia mambo haya, au kila mtu na lake? Na mkulima mdogo atapata haki wapi?

JIBU: Mwalimu, salamu kwako na kwa wanachama. Mkutano wenu ni Jumamosi, kwa hiyo jibu kwanza, maelezo baadaye: msitie sahihi mkataba huo jinsi ulivyo. Lakini sababu yangu si ile ya wazee.

Niwaondolee wazee wasiwasi wao kwanza. Pakiti uliyonitumia picha yake ni ya haibridi ya kawaida. Ni mahindi kwa mahindi, yamechavushwa kwa mpango, kazi ambayo Kitale inaifanya tangu miaka ya 1960. Kwangueni kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, tumeni namba iliyo chini yake kwa 1393, mtajibiwa kama mbegu ni halali. GMO ni jambo jingine: mmea umepandikizwa jeni katika maabara, mara nyingi jeni ya kiumbe wa jamii nyingine kabisa. Mahindi ya Bt, kwa mfano, yamepewa jeni ya bakteria wa udongoni ili bungua anayetoboa shina afe akila.

Na mambo hayo hapa Kenya yana askari mlangoni. Tangu Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009, hakuna anayeruhusiwa kupanda wala kuingiza GMO bila kibali cha mamlaka inayohusika, ile inayoitwa NBA. Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula hivyo Novemba 2012, likaondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na tangu hapo kesi hazijaisha. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ilisimamisha tena mambo hayo kwa amri ya muda. Pamba ya Bt iliidhinishwa Desemba 2019 baada ya miaka ya majaribio. Unaweza kuipenda GMO au kuichukia, lakini kila hatua yake imepigwa kelele magazetini na mahakamani. Haiwezi kupenya kimyakimya ndani ya programu ya simu bila mtu kuvunja sheria waziwazi.

Kinachopenya kimyakimya kimo katika kipengele cha 11 cha mkataba wenu. Kimeandikwa kwa Kiingereza cha kulaza usingizi, nami nakitafsiri: mkulima anaipa kampuni, washirika wake na wote watakaorithi biashara yake haki ya kudumu, isiyoweza kuondolewa, ya kutumia data zote za shamba kwa madhumuni yoyote halali ya kibiashara. Soma hayo maneno "kudumu" na "yoyote". Mkopo wenu ni wa msimu mmoja. Haki yao haina mwisho.

Nilipata kushuhudia jinsi kibali cha namna hii kinavyochukuliwa. Ilikuwa kaunti nyingine, kampuni nyingine. Kijana wa kampuni alizunguka mpaka wa shamba la bibi mmoja akiwa na simu mkononi, na kila kona simu ikilia tii. Bibi anamfuata nyuma na jembe lake, akimwonyesha kigingi kilipo chini ya majani. Walipomaliza, ukurasa wa masharti ukatokea kwenye kioo. Kijana akasema, "Hapa ni kukubali tu, nyanya," akabonyeza mwenyewe. Kidole kilichokubali hakikuwa cha mwenye shamba. Nilimuuliza bibi amekubali nini. Akaniambia amekubali kupimiwa shamba, na akashukuru kwamba ni bure.

Sasa swali la vijana wenu litakuwa: ramani ya ekari moja na nusu ina faida gani kwa mtu? Peke yake, karibu hakuna. Lakini ziweke pamoja ekari za watu 84, kisha vikundi vingine 200 kama chenu. Ongeza mvua ya kila wiki kutoka kwenye setilaiti, aina ya mbegu, mbolea iliyotiwa, gunia ngapi zilitoka, na pesa zilizoingia na kutoka kwenye simu. Hiyo ndiyo wanayoiita data kubwa. Mwenye kuishika anajua mambo ambayo wewe mwenyewe huyajui kuhusu kijiji chako.

Chukua Januari. Mahindi yako stoo, shule zinafunguliwa, karo inadaiwa. Kila mnunuzi wa Kitale anajua kwamba wiki hiyo wakulima wanauza kwa bei ya kutupa, lakini anajua kwa jumla tu. Mwenye rekodi zenu za M-Pesa anajua kwa jina. Anajua nani ana watoto wawili sekondari, nani ana deni lingine la simu, nani hana akiba ya kumfikisha Machi akisubiri bei ipande. Kampuni hiyohiyo ndiyo imewaahidi soko. Sisemi watafanya hivyo. Nasema mkataba unawaruhusu, na mtu akiruhusiwa jambo lenye faida, mpe misimu miwili.

Kisha kuna yale mahindi ya kienyeji ya akina mama. Hapa data na teknolojia ya jeni zinakutana, na wazee walikuwa karibu na ukweli kuliko walivyojua, ila waliangalia upande usio. Waliogopa kitakachoingia shambani, na hawakufikiria kinachotoka. Mnakumbuka ugonjwa uliokausha mahindi ya Bomet mwaka 2011 ukaenea nchi nzima, ule uitwao MLN. Kupata mbegu inayouhimili kulimaanisha kupima maelfu ya aina, na ndiyo maana kituo cha Naivasha kilijengwa. Mahindi yaliyoishi miaka 60 katika shamba la nyanya, yakapita kila ukame na kila ugonjwa, yanabeba jibu la maswali kama hayo ndani ya jeni zake. Zamani ilibidi mtu abebe punje. Leo maabara husoma mpangilio wa jeni mara moja, na kinachosafiri ni faili ya kompyuta. Rekodi zenu za mavuno ndizo zinazomwambia mtafiti ni mmea wa shamba gani unaofaa kusomwa.

Dunia imeanza kuliona pengo hili. Huko Cali, Colombia, Novemba 2024, nchi zilizo katika mkataba wa bayoanuwai, yaani wa kulinda aina za viumbe hai, zilikubaliana kuunda mfuko: kampuni kubwa zinazofaidika na data hizo za jeni zichangie asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya fedha ilengwe kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Mfuko ulizinduliwa Februari 2025. Lakini mchango ni wa hiari, kwa hiyo msiupangie matumizi bado. Chenye meno ni kanuni zetu wenyewe za 2006 zilizo chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira: anayetaka rasilimali za kijeni kwa utafiti au biashara lazima apate kibali, na kibali hakitoki bila ridhaa ya wenyewe iliyotolewa baada ya kuelezwa. Nimezisoma kurasa ulizonitumia mara mbili. Hakuna kibali cha NEMA kilichotajwa popote. Hiyo peke yake inatosha kuwazuia akina mama wasitoe hata gunzi.

Sasa, serikali iko wapi? Iko, Mwalimu, tena iko nyingi. Mbegu iko chini ya KEPHIS, jeni iliyobadilishwa iko chini ya NBA, punje ya kienyeji iko chini ya NEMA, na data iko chini ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, afisi iliyoundwa na sheria ya 2019. Kila afisi inachungulia kupitia dirisha lake. Kampuni yenu imeshika vitu vyote vinne kwa mkono mmoja, na hakuna dirisha linaloonyesha mkono mzima.

Sheria ya data si mbovu. Mahali shamba lilipo, likiunganishwa na jina lako, ni data binafsi. Una haki ya kuambiwa zinatumika vipi, kuziona, kuzisahihisha, kukataa zisitumike. Kifungu cha 32 kinasema mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikubali ni wa kampuni, na kwamba unaweza kuondoa kibali chako wakati wowote. Lile neno "isiyoweza kuondolewa" katika kipengele cha 11 limegongana na sheria uso kwa uso. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ifute data za macho ya Wakenya waliopanga foleni mwaka 2023 kwa ahadi ya pesa, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba kibali kilichonunuliwa kwa chambo si kibali cha hiari. Mbegu ya mkopo mwezi Machi, mvua ikiwa mlangoni, ni chambo chenye nguvu kuliko pesa ya foleni. Wakili wa kampuni analijua hilo.

Tundu liko hapa: sheria inamlinda mtu, haikilindi kijiji. Kampuni ikifuta majina 84 na kubaki na ramani ya mavuno ya wadi nzima, hiyo si data binafsi tena, na Kamishna hana la kusema. Mnunuzi hahitaji jina lako ili kukupunja. Akijua tu kwamba wadi yenu itaishiwa na chakula Februari, inatosha.

Kisha kuna adhabu, na hapa ndipo damu yangu huchemka. Marekebisho ya 2012 ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea yalimfanya mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu isiyothibitishwa kuwa mhalifu: hadi miaka miwili jela, au faini ya hadi shilingi milioni moja, au vyote viwili. Yaani mama anayempa jirani kibaba cha maharagwe ya mbegu ili naye apewe mtama. Wakulima 15 walikwenda kortini mwaka 2022, na mwishoni mwa 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Miaka kumi na zaidi vilikuwa vinaning'inia juu ya vichwa vya watu.

Upande wa pili, faini ya juu kabisa ambayo Kamishna wa Data anaweza kuitoza kampuni ni shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mapato yake ya mwaka, *ile iliyo ndogo*. Fanya hesabu kama ulivyokuwa ukiwafundisha darasa la saba. Kampuni inayoingiza milioni 100 kwa mwaka itatozwa isizidi milioni moja, sawasawa na mama wa maharagwe. Inayoingiza bilioni 50 itatozwa isizidi milioni tano. Ulaya sheria yao inasema euro milioni 20 au asilimia 4, ile iliyo kubwa. Kubadilisha neno moja, "ndogo" kuwa "kubwa", ni kazi ya Bunge ya mchana mmoja. Mbunge wenu akija kuomba kura, mwanzieni hapo. (Kweli, kuna makosa katika sheria hiyo yanayoweza kumfikisha mtu jela, na Kamishna amewahi kuamuru walalamikaji walipwe fidia. Lakini tishio la kila siku ni faini, na kampuni hupanga bajeti kwa tishio la kila siku.)

Usimamizi unaotazama mbegu na data kwa jicho moja unawezekana, umeshafanyika. Mwaka 2013 Monsanto, mwuzaji mkubwa wa mbegu Marekani, alinunua Climate Corporation, kampuni ya data za hali ya hewa, kwa takriban dola bilioni moja. Wengi walicheka: muuza mbegu na mawingu wapi na wapi? Bayer ilipotaka kuinunua Monsanto yenyewe, kwa zaidi ya dola bilioni 60, wasimamizi wa ushindani wa Brussels na Washington hawakucheka. Mwaka 2018 waliikubali biashara hiyo kwa masharti kwamba Bayer iachie mshindani wake, BASF, sehemu kubwa ya biashara ya mbegu, pamoja na kumfungulia mali yake ya kilimo cha kidijitali. Walielewa kwamba anayekuuzia mbegu, dawa na ushauri wa lini upande na upulize nini, akiwa ni mmoja, ushauri huo haupimi faida yako pekee. Mamlaka yetu ya Ushindani ina uwezo wa kisheria wa kuchunguza ubabe wa soko na wanunuzi wanaowakandamiza wauzaji. Ingefaa siku moja iwachunguze wenye programu.

Umeniuliza pia kuhusu haki, na sijamgusa mtu ambaye mkataba huu utamwumiza wa kwanza. Mkopo utatolewa kwa alama ambazo kompyuta inazihesabu. Angalia orodha yenu ya wanachama, namba za simu: ni akina mama wangapi laini zao zimesajiliwa kwa jina la mume au la mtoto? Wangapi wanalima shamba ambalo hati yake ingali kwa jina la marehemu baba mkwe? Kwa kompyuta mama huyo hana historia ya pesa, hana shamba, hana mavuno. Amelima miaka 30 na ataonekana mgeni. Hakuna aliyekusudia kumbagua, ila data zilimruka, na kompyuta huliona pengo kama hatari. Kifungu cha 35 cha sheria ya data kinampa haki ya kutotegemea uamuzi wa mashine pekee pale unapomwathiri kwa kiasi kikubwa, na kudai mtu aupitie upya. Haki hiyo haina kazi kama hajui kwamba alikataliwa na mashine. Mkataba useme hivyo kwa maandishi: atakayenyimwa mkopo ataelezwa sababu, na kuna mtu mwenye namba ya simu atakayemsikiliza.

Kijana mmoja wenu ataniuliza, serikali yenyewe je? Machifu si waliwaandikisha mwaka 2023 kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, kitambulisho, ekari, mazao, kila kitu? Ndiyo, na sheria ileile inaibana. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliisimamisha Huduma Namba, ule mpango wa serikali wa namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, kwa sababu serikali haikutathmini kwanza madhara kwa data za watu. Ulizeni afisa wa kilimo wa wadi ni nani mwingine anayeisoma rejista ya wakulima. Kuuliza hakuna faini.

Turudi Jumamosi. Msiende mmoja mmoja. Kampuni inapenda kubonyezewa "Nakubali" na watu 84 waliotawanyika, maana kila mmoja akikataa peke yake hakuna anayemkosa. Kikundi kiseme kwa sauti moja kwamba kitatia sahihi kikiwa kikundi, na kwamba kipengele cha 11 kiandikwe upya: data zitumike kwa mkopo na ushauri wa msimu huu tu, zisiuzwe wala kupewa mnunuzi wa mahindi, hata majina yakiondolewa, msimu ukiisha kikundi kipewe nakala yake yote kwa mfumo unaosomeka. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Ramani na mavuno ya misimu mitatu mikononi mwenu ni karata ya kujadiliana na benki au chama cha ushirika kingine mwakani.

Rekodi za M-Pesa za miezi 12 zikataeni. Kwa mkopo wa mbegu na mifuko miwili ya mbolea, mavuno na dhamana ya kikundi vinatosha, na sheria inataka zichukuliwe data zinazohitajika tu. Sampuli za udongo toeni, matokeo yarudi kwa kila mwenye shamba. Mahindi ya kienyeji yasiondoke bila kibali cha NEMA. Tena angalieni kama kampuni imo katika rejista ya Kamishna wa Data. Iko wazi kwenye tovuti ya afisi hiyo, kijana yeyote mwenye bando ataitazama kwa dakika tano. Wakishikilia kwamba kipengele cha 11 hakibadiliki, malalamiko kwa Kamishna hayana ada ya wakili, na sheria inampa siku 90 kuyamaliza.

Jambo moja la mwisho. Umenitumia picha za kurasa saba, na mkataba una kurasa nane. Ukurasa wa sita unaishia katikati ya sentensi inayoanza "Iwapo mkulima atashindwa kulipa," na picha inayofuata ni ya ukurasa wa sahihi. Huo wa saba nauhitaji kabla ya Ijumaa jioni.